Kisima na Harimu Yake

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunasema:

Ndugu zetu wengi waliotoa fedha zao katika Ramadhani ya mwaka juzi kwa ajili ya kisima cha Tulia wamekuwa wakituuliza khabari zake, na baadhi yao wameuliza kwa staha, kwani wameona kwamba tunanyamaza. Kunyamaza kwetu hakukuwa kwema. Amana ya watu haifai kufichwa nyuma ya haya. Basi leo tutaeleza khabari ile kama ilivyo, na baada yake tutatoa somo, kwa sababu tumeona kwamba khasara iliyotupata ni mafunzo kwa kila mwenye kutoa sadaka ya maji, na kwa kila mwenye kuyanywa. Na mwisho wa somo tuna jambo la kuwaomba, nalo halitimii ila kwa ruhusa yenu.

KHABARI YA KISIMA

Tulia ni soko dogo katika nchi ya Kitui, katika vilima vya Ukambani. Mvua za huko ni za misimu miwili: ya Machi hadi Mei, na ya Oktoba hadi Disemba, na hii ya pili ndiyo wakulima wanayoitumainia zaidi. Baina ya misimu hiyo mito hukauka, ikabaki njia ya mchanga mweupe. Mgeni kutoka pwani akiuona mto wa namna hiyo atasema hauna kitu. Lakini mwenyeji hupiga magoti akachimba kwa mikono, na akifika chini kidogo maji hutoka, safi, yamekwisha chujwa na mchanga wenyewe.

Tulifika huko kwa mwaliko wa jamaa zetu Waislamu wa Kitui, ambao wazee wao waliingia nchi ile zamani pamoja na misafara ya biashara. Wakatuonyesha kijiji kimoja upande wa Tulia ambako wanawake walikuwa wakitoka alfajiri na punda wao, wakirejea jua limekwisha panda. Tukachimba kisima kando ya mto, tukakijenga kwa mawe na saruji, tukakifunika, tukaweka pampu ya mkono. Siku ya kukifungua tulisoma dua, tukapigwa picha, tukarudi Mombasa tukiwa na furaha, nasi tunajiona tumekwisha maliza kazi.

Haikupita miezi kumi na minne tukaletewa khabari kwamba pampu inatoa upepo. Tukadhani imevunjika. Tukaenda na fundi wetu. Akaifungua, akaitazama kipande kwa kipande, akasema haina ila. Kijana akateremka kisimani kwa kamba, akarudi na tope lililokauka mkononi. Hapo mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amesimama kando na mtungi wake mtupu, akatwambia, "Mwalimu, msiilaumu pampu. Aliyechukua mchanga amechukua na maji."

Akatuongoza kwa miguu juu ya mto. Mahali palipokuwa na mchanga wa kumfika mtu kiunoni palikuwa ni mwamba mtupu na alama za magurudumu ya malori. Na juu ya kingo, kilima kilichokuwa na miti siku tulipokuja mara ya kwanza kilikuwa kimekatwa nusu yake kwa makaa, na nusu nyingine imelimwa kwa plau kutoka juu kuteremka chini, na maji ya mvua yamekwisha chimba makorongo ndani ya shamba lile.

Tukamwuliza yule mama, "Mbona hamkuwazuia?" Akatujibu, "Kijana aliyewauzia mchanga ni mjukuu wangu. Fedha ile ndiyo iliyolipa karo ya ndugu yake." Hatukuwa na la kumwambia.

MAJI HUKAA WAPI?

Kosa letu la kwanza lilikuwa ni la ujinga. Tulidhani kisima kina maji yake. Kisima hakina maji. Kisima ni mlango tu. Maji yako ndani ya mchanga wa mto, na mchanga hupewa maji hayo na kilima.

Mchanga mnene unaojaa maji huwa na nafasi baina ya chembe zake, na nafasi hizo, zikikusanywa, hufika robo ya ujazo wote, na aghalabu hupita hapo. Maji yaliyojificha humo hayafikiwi na jua, wala mbu hapati pa kuzalia. Watu wa Ukambani wanalijua jambo hili tangu zamani, na juu ya maarifa hayo pamejengwa kazi kubwa. Hujengwa ukuta wa mawe na saruji kukata mto, mahali ambapo mwamba uko karibu. Mafuriko yakija huleta mchanga na tope pamoja. Mchanga, kwa uzito wake, hutua nyuma ya ukuta, na tope jembamba hupita juu na kwenda zake. Baada ya misimu kadhaa nyuma ya ukuta hujaa mchanga, na ndani ya mchanga kuna maji. Hili ndilo linaloitwa bwawa la mchanga. Kuta za namna hii zilijengwa Ukambani tangu miaka ya 1950, na kuanzia miaka ya 1990 shirika la SASOL, pamoja na wanavijiji wenyewe, limejenga zaidi ya 500 katika Kitui. Wageni wa nchi nyingi wamekwenda kujifunza huko.

Sasa na tutazame yanayolibatilisha bwawa hilo. La kwanza ni kuchukua mchanga wake; maana mchanga ukiondoka, maji ya mafuriko hupita kwa siku moja hata yakafika mbali, na visima vya kando, ambavyo maji yake yameungana na maji ya mto, hushuka. La pili ni kukivua nguo kilima. Mti na majani hulipokea tone la mvua, likateremka polepole likaingia ardhini. Likikosa cha kulipokea huipiga ardhi, likachukua udongo, likakimbia nao. Hapo mto huleta tope jingi kuliko mchanga, na tope likiingia baina ya chembe huziba zile nafasi. Bwawa likajaa, lakini limejaa udongo usiotoa maji. Kwa hiyo mwenye kuulinda mto na kukiacha kilima hakulinda kitu, na mwenye kukilinda kilima na kuuacha mto ni kama yeye.

YANATUHUSU NINI SISI WATU WA PWANI?

Huenda msomaji akasema: Hayo ni ya Wakamba na vilima vyao, sisi tuna bahari na mifereji yetu. Tunamjibu: Fungua mfereji wako, kisha uulize maji hayo yanatoka wapi.

Mji wa Mombasa umekuwa ukinywa maji ya chemchemi za Mzima tangu bomba lake lilipofunguliwa katika mwaka 1957, nalo lina urefu wa kiasi cha kilomita 220. Chemchemi zile ziko Tsavo Magharibi, lakini maji yake hayaanzii hapo. Mvua na ukungu wa vilima vya Chyulu, vilivyo mpakani mwa Makueni, huingia katika mawe ya volkano yenye matundu, yakasafiri chini ya ardhi kilomita nyingi tusiyaone, ndipo yakatoka Mzima, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Msitu wa Chyulu ukikatwa, wa kwanza kuona kiu huenda akawa ni mtu wa Kisauni ambaye hajapata kukiona kilima hicho maishani mwake. Vilima hivyo vilifanywa hifadhi ya taifa katika mwaka 1983, na hata baada ya hapo moto, mifugo na mashamba vimekuwa vikigombania ardhi yake.

Kadhaalika mto Athi. Huo hupita baina ya Makueni na Kitui, ukaitwa Galana ukiingia nchi kavu ya Tsavo, ukaitwa Sabaki ukikaribia Malindi. Visima vya Baricho, vinavyonywesha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa, vimechimbwa katika mchanga wa mto huo. Basi sisi nasi twanywa maji ya mchanga, kama yule mama wa Tulia. Na kila mtu wa Malindi ameona jinsi bahari inavyogeuka nyekundu wakati wa mvua kubwa. Wekundu ule ni udongo wa mashamba ya bara, umeteremka na mto na kuja kututolea ushahidi mlangoni petu.

Na khatima ya yote ni makaa. Ni nani katika sisi aliyesafiri njia ya Nairobi asiyeona magunia ya makaa yaliyopangwa Kibwezi na Mtito Andei? Na ni wangapi katika sisi waliosimamisha gari wakanunua, wakafurahi kwa urahisi wa bei? Sisi wenyewe tumefanya hivyo, na katika safari ile ile ya kwenda kufungua kisima. Tulikwenda kuwapa watu maji, tukarudi na mti wao ndani ya buti la gari.

HUKUMU YA HARIMU

Kosa letu la pili lilikuwa kubwa zaidi, maana halikuwa la ujinga wa mambo ya ardhi, bali la kusahau tuliyoyasoma. Maulamaa wetu hawakukizungumza kisima peke yake. Kila walipokitaja walitaja na harimu yake, yaani eneo linalokizunguka ambalo mtu haruhusiwi kulitumia kwa namna ya kukiharibu. Baadhi ya madhehebu wameipima harimu kwa dhiraa. Ama madhehebu yetu ya Shafi, hayakuweka kipimo kimoja, bali yameangalia haja: mahali asimamapo mtekaji, mahali pa hodhi, mahali pa kukusanyika maji, na njia ya wanyama wanaokwenda na kurudi.

Na Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu ambacho wanavyuoni wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi, amekwenda mbele zaidi alipovitaja visima vya mfereji wa chini ya ardhi. Ameeleza kwamba harimu yake ni kila mahali ambapo lau pangechimbwa, maji yangepungua au pangekhofiwa kuporomoka. Tulikisoma kitabu hicho tukiwa vijana, tukajibu mtihani, na wala hatukufikiri kwamba siku moja tungesimama juu ya mwamba mtupu huko Tulia tukayaona maneno yale kwa macho. Kwani mto wa mchanga ni nini ila ni mfereji wa chini ya ardhi? Na kuchimba mchanga wake ni nini ila ni kule kule kuchimba kunakopunguza maji? Basi kwa kipimo hicho harimu ya kisima chetu haikuwa zile hatua chache tulizozungushia seng'enge. Ilikuwa ni mto wenyewe na kilima kilicho juu yake. Sisi tulitoa wakfu wa mlango, tukaiacha nyumba bila ya mwenyewe.

Huenda mtu akasema: Mchanga ni kitu cha Mungu, haukulimwa wala haukupandwa, basi kila mtu ana haki kuuchukua. Tunasema: Umesema kweli nusu. Maulamaa wamevitenga vitu vilivyo wazi juu ya ardhi ambavyo watu wote wanavihitaji, mfano wa chumvi, wakasema havimilikiwi na mtu mmoja. Mtume (S.A.W.) alipata kumpa mtu mahali pa chumvi huko Maarib, na alipoelezwa kwamba chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, alimrejesha asimpe. Lakini hukumu hiyo ina mwisho wake: kila mtu huchukua kwa kadiri ya haja yake, na anayetaka kuzidisha juu ya hapo, ilhali wenziwe wanangoja, huondoshwa. Basi mwenye kujaza karai akajenge nyumba yake si sawa na mwenye lori kumi zinazokwenda mjini usiku. Wa kwanza ametumia haki ya wote. Wa pili amewanyang'anya wote haki yao.

Mwingine atasema: Shamba langu ni langu, kilima changu ni changu, nitalima nitakavyo. Huyu naye tunamkumbusha ile kesi iliyopelekwa mbele ya Mtume (S.A.W.) baina ya Zubeir na mtu mmoja wa Ansari juu ya mfereji unaopita kwa huyu kabla ya kufika kwa yule. Aliye juu alipewa haki ya kumwagia kwanza, kwa kiasi maalumu, kisha ayaachie maji yateremke kwa jirani. Kuwa juu kumempa mtu kutangulia, hakukumpa kumaliza. Na tunamkumbusha mfano mashuhuri wa watu wa jahazi, ambao waliokuwa chini walitaka kutoboa sehemu yao wapate maji bila ya kuwasumbua walio juu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Katika jambo letu hili waliokamata tundu wako juu, nasi wa pwani ndio tulio chini. Lakini jahazi ni moja.

MASIKINI NA MLIMA

Tumefika mahali pagumu, nasi hatutaki kupapita kwa mbio. Yule kijana aliyeuza mchanga alimsomesha ndugu yake. Mwenye kukata makaa, aghalabu, hakata kwa uadui wa miti, mvua imemkosa. Baina ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo katika sehemu hizo. Mtu aliyepanda mara tano asivune, utamwambia nini juu ya mti wa mkwaju? Kwa hiyo anayesimama mimbarini mjini, ameshiba, akawalaani wakata miti, hakufanya kazi ya dini. Amejipumzisha tu.

Ukambani kwenyewe kuna mafundisho mawili juu ya jambo hili, nayo yamepita katika historia ya karibu. La kwanza ni la mwaka 1938. Serikali ya kikoloni iliona ardhi inakwisha, ikasema ng'ombe wamezidi, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa nguvu. Wakamba kwa maelfu wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ikalazimika kuiacha amri ile; lakini Muindi Mbingu alikamatwa akahamishwa Lamu, mji ambao wasomaji wetu wengi wanaujua. Ardhi haikupona kwa njia hiyo, maana walitaka kuilinda ardhi kwa kumdhulumu mwenyewe.

Fundisho la pili ni la miaka iliyofuata. Watu wale wale walipoona faida kwa macho yao, waliingia mashambani kwa mwethya, yaani kazi ya ujima, wakachimba matuta yanayokata mteremko. Njia yao moja, ya kuchimba handaki na kuutupa udongo upande wa juu, imeenea duniani kwa jina lake la Kiswahili, "fanya juu". Wataalamu waliochunguza nchi ya Machakos, ambayo wakati huo Makueni ilikuwa ndani yake, walieleza katika mwaka 1994 kwamba tangu miaka ya 1930 watu walikuwa wameongezeka kiasi cha mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua. Basi si kweli kwamba watu wakizidi lazima nchi ife. Nchi hufa pale mwenye kuilinda asipopata faida ya ulinzi wake.

Na hekima hiyo tunaikuta katika mwendo wa Seyyidna Umar (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliweka hima, yaani malisho yaliyokingwa kwa maslaha ya wote, na Umar akaendeleza baada yake. Alipomweka msimamizi juu ya hima alimwusia awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache waingie, na awe na tahadhari na makundi ya matajiri. Kwani tajiri wanyama wake wakifa ana mashamba na mitende ya kurejea, na masikini wake wakifa atakuja mlangoni mwa khalifa na watoto wake. Tazameni: hakuifungua hima kwa wote ikaisha, wala hakuifunga kwa wote masikini akafa. Aliilinda, na katika ulinzi ule akaanza na mnyonge. Siku hizi mara nyingi tunafanya kinyume: mwenye karai hukamatwa, na mwenye malori hupigiwa saluti.

NANI ATASIMAMIA?

Wengine watasema: Hii ni kazi ya serikali. Ni kweli kwamba serikali ina wajibu. Katiba ya mwaka 2010 imehesabu maji safi ya kutosha kuwa ni haki ya kila mtu. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imewapa watumiaji wa mto nafasi ya kuunda chama chao cha kuusimamia. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga katika mwaka 2015, baada ya ugomvi wa mchanga kuwa mkali katika sehemu zile hata roho zikapotea. Na Kitui katika mwaka 2018 ilipiga marufuku makaa na mchanga kutolewa nje ya nchi yake. Yote hayo ni mema. Lakini sheria iliyoandikwa haina macho ya usiku. Mwenye macho ni anayekaa kando ya mto, na huyo hatatoka kitandani ikiwa mto haumfai kitu.

Zamani za Wakamba palikuwa na mahali pa ibada zao, pakiitwa ithembo, chini ya miti mikubwa na mara nyingi karibu na maji, na mti wa hapo haukuguswa. Wamijikenda nao wana kaya zao, na hata leo mtu akipita nyuma ya Rabai au Kilifi huiona misitu ile imesimama penye nchi iliyokatwa. Sisi hatuikubali itikadi ya mizimu, na tumeipinga katika karatasi hizi mara nyingi. Lakini na tuseme kweli juu ya nafsi zetu: khofu ya mzimu iliwazuia wale wasikate mti wa chemchemi, na sisi tunaodai kumkhofu Muumba wa chemchemi tumeshindwa kuzuiliwa na khofu yetu. Aibu hiyo si yao.

TULIYOAFIKIANA, NA TUNALOWAOMBA

Mwezi uliopita tulirudi Tulia kwa mara ya tatu, na safari hii hatukwenda na fundi wa pampu. Tulikaa chini ya mti na wazee, wanawake wa mwethya, na vijana wa mchanga, naye mjukuu wa yule mama akiwamo. Wao ndio waliosema mengi. Wameafikiana kwamba mchanga wa sehemu ya juu ya kisima usiguswe kabisa. Kwamba mahali pamoja chini ya mto paachwe kwa mwenye kujenga nyumba yake, kwa kiasi, bila ya malori. Kwamba kilima kilimwe kwa matuta, na ncha yake iachwe irudishe miti. Na kwamba ukuta wa bwawa la mchanga ujengwe mahali penye mwamba. Vijana wameomba kazi ya kuchimba matuta na kukusanya mawe ipewe wao kwanza, kwa ujira. Tumeona ombi hilo ni la haki. Kwani anayeambiwa aache riziki moja anastahiki kuonyeshwa nyingine. Na mafuriko, Inshaallah, yataurejesha mchanga kidogo kidogo, msimu kwa msimu. Hatuwaahidi zaidi ya hapo.

Sasa linabaki suala la amana. Katika fedha zenu imebaki akiba tuliyoiweka kwa matengenezo ya kisima. Mliitoa kwa jina la kisima. Je, yafaa itumike kwa matuta, na mawe, na ujira wa vijana kilimani? Tumelichungua suala hili katika darsa yetu kwa majuma matatu, na rai yetu ni kwamba yafaa; kwa sababu kilicho katika harimu ya kitu kina hukumu ya kitu chenyewe, na kisima hakitengenezeki kwa kutengeneza pampu isiyo na ila. Lakini rai yetu si ruhusa yenu. Kila aliyetoa ambaye hakuridhika na atujie baada ya sala ya Ijumaa yoyote kabla ya kwisha mwezi wa Shaabani, atarejeshewa sehemu yake bila ya kuulizwa sababu, wala hatutapungua heshima kwake. Na aliyeridhika na anyamaze, tutajua.

Tena tumejiwekea sharti tatu kwa sadaka za maji zitakazokuja. Kwanza, hatutachimba kisima mahali popote mpaka wenyeji wametuonyesha maji yake yanatoka wapi, na wameafikiana wao kwa wao namna ya kupalinda. Pili, katika kila fedha ya kisima patatengwa fungu la harimu yake. Tatu, mwaka mmoja baada ya kukifungua tutarudi kukitazama, hata kama hakuna wa kutupiga picha. Seyyidna Uthman (R.A.) alipokinunua kisima cha Ruma akakifanya wakfu, alikusudia Waislamu wanywe, na walikunywa. Sadaka yenye kuendelea ni ile inayoendelea kweli. Iliyokauka imebaki ni jina.

Na nyinyi wasomaji tunawausia machache yaliyo ndani ya uwezo wenu. Mwenye kujenga na amwulize fundi wake mchanga umetoka mto gani, na nani aliridhia. Mwenye kununua makaa na ajue ananunua kilima cha nani. Na mwenye kutawadha na apunguze maji, ijapokuwa amesimama penye mfereji. Kwani hilo ni agizo la Mtume wetu kabla halijawa agizo la mtu yeyote.

Yule mama tulipoagana alitupa mahindi ya kuchoma kwa ajili ya njia, nasi tulijua jinsi mahindi yalivyokuwa haba kwake. Tulimwambia, "Mama, tuombee." Akajibu, "Niwaombee nini, nanyi ndio watu wa dini? Niombeeni mimi mvua." Basi tunamwomba Mwenyezi Mungu awateremshie mvua yenye manfaa, isiyobomoa, na awape na wao na sisi akili ya kuihifadhi ikishuka. Wabillahi tawfik.